Lenzi ya makro: ijaribu kabla hujailipia, kisha ijue kwa hina na kwa nyuso

Kama unapiga picha za harusi Kombani, Waa, Tiwi au kwingineko Kwale, wateja wako wanataka vitu viwili ambavyo lenzi iliyokuja na kamera haivitoi vizuri. Wanataka ua la hina kwenye kiganja cha bi harusi lionekane mpaka kingo za kila mstari. Tena wanataka uso wa mama mzazi au wa babu upigwe kwa heshima: macho makali, na yaliyo nyuma yake yamelainika. Lenzi ya makro ya kati ya milimita 90 na 105 hufanya kazi zote mbili, na ndiyo maana nasema ukijaliwa kuongeza lenzi moja tu, iwe hiyo. Lakini ina masharti yake na bei yake si ndogo. Ijaribu kabla ya kutoa pesa, kisha ijaribu tena nyumbani kabla ya kuibeba kwenye shughuli ya watu.

Makro ni nini hasa? Ni lenzi iliyotengenezwa ili ilenge kitu kilicho karibu sana na kukichora ndani ya kamera kwa ukubwa wake halisi. Nyuma ya lenzi, pale ambapo zamani palikaa filamu, kamera ya leo ina kipokezi cha mwanga. Chungu mwenye urefu wa milimita 10 akichorwa kwenye kipokezi hicho akiwa na milimita 10 zilezile, hiyo ni makro kamili, nayo huandikwa 1:1. Akichorwa kwa milimita 5, lenzi yako ni nusu, yaani 1:2. Kampuni ya Nikon huandika Micro au MC badala ya Macro kwenye lenzi zake, lakini ni kitu kilekile.

Hapa pana mtego. Lenzi nyingi za kuvuta na kusogeza zimeandikwa Macro ubavuni, na wauzaji huzitaja kwa jina hilo bila wasiwasi, ilhali nyingi zao hufika robo tu ya ukubwa halisi. Usibishane na muuzaji. Beba rula ya shule. Ilaze juu ya kaunta, zungusha pete ya kulengea mpaka mwisho wa ukaribu, zima ulengaji wa kujiendesha, kisha isogeze kamera yote mbele na nyuma mpaka mistari ya milimita ionekane mikali. Piga, halafu hesabu milimita zilizoingia kutoka upande mmoja wa picha hadi wa pili. Kama kamera yako ina kipokezi kikubwa kinacholingana na filamu ya zamani ya milimita 35, makro kamili itakuonyesha milimita 36 hivi. Kamera za Canon zenye kipokezi kidogo zitaonyesha 22 hivi, za Nikon na Sony za aina hiyo 23 na nusu. Zikionekana mara mbili ya hizo, umeshika lenzi ya nusu. Zikionekana mara nne, umeshika jina tu.

Kwa nini milimita 90 hadi 105, wakati zipo za 40 na 60 kwa bei nafuu? Sababu ni nafasi. Lenzi ya milimita 100 ikifika ukubwa halisi, ncha yake huweza kubaki sentimita 13 au 14 kutoka kwa kitu unachopiga. Ya 60 inabaki karibu zaidi. Ile ndogo ya Nikon ya milimita 40 inabaki sentimita tatu na ushei, na hapo lenzi yenyewe inatupa kivuli chake juu ya kidole cha bi harusi, na kipepeo hakusubiri. Halafu kuna uso. Kwa kamera yenye kipokezi kikubwa, milimita 90 hadi 105 ni urefu mzuri sana wa picha ya kichwa na mabega. Kama kipokezi chako ni kidogo, milimita 100 hukaza kama 150 au 160, na utahitaji kurudi nyuma hatua kadhaa. Mwenye kamera hiyo anayepiga nyuso kwenye vyumba vidogo, lenzi ya milimita 60 itamfaa zaidi, mradi akubali kukaribia zaidi anapopiga hina.

Sasa bei. Tamron ya milimita 90 kwa kamera zisizo na kioo cha kuakisi (mirrorless) ilitoka mwaka 2024 kwa dola 699 za Marekani. Sigma ya milimita 105, iliyotoka 2020, ilianza na dola 799. Nikon ya milimita 105 kwa kamera za Z ilitoka 2021 kwa karibu dola 1,000, na Canon ya milimita 100 kwa kamera za R, mwaka huohuo, kwa karibu dola 1,400. Ukichukua shilingi 129 kwa dola moja, hizo ni takribani shilingi 90,000, 103,000, 129,000 na 180,000, kabla ya usafiri, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na tozo za forodha. Kwa anayeanza, hizo ni harusi nyingi sana. Mimi simshauri mtu akope pesa hizo kabla hajajua kama atapata wateja wa kazi hiyo.

Njia ya kwanza ya kupunguza gharama ni kukodi. Wako wapiga picha na maduka Mombasa na Nairobi wanaokodisha lenzi kwa siku. Unapokodi, utaulizwa kitambulisho na pengine amana. Andikianeni hali ya lenzi na mpige picha ya kila mkwaruzo kabla hujaondoka nayo. Njia ya pili ni pete za kurefusha. Hizi ni pete tupu zisizo na kioo, zinazokaa kati ya kamera na lenzi uliyo nayo, na huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya lenzi. Seti ya kawaida ina pete tatu za milimita 12, 20 na 36. Ukiziunganisha zote nyuma ya lenzi ya milimita 50, unapita ukubwa halisi. Chagua zenye vidoti vya shaba vya umeme, la sivyo kamera haitaweza kuizungumzisha lenzi. Kasoro yake ni kwamba pete zikiwa zimefungwa huwezi kulenga mbali, kwa hiyo huwezi kutoka kwenye pete ya ndoa ukaukimbilia uso wa bwana harusi bila kufungua. Kwa mazoezi ya mwezi mzima chini ya mwembe wa nyumbani, zinatosha kabisa.

Simu je? Simu kadhaa za bei ya juu hupiga karibu kwa uzuri. Zile za bei nafuu zenye kamera ndogo ya makro ya megapikseli 2 hutoa picha ya kutazama kwenye skrini tu. Ukiichapisha kwa albamu ya harusi inavunjika.

Wengi wetu tutanunua iliyotumika, na hilo si baya, kwa sababu kioo kizuri hakizeeki haraka kikitunzwa. Kabla ya yote uliza inaingia kwenye kamera gani. Canon ina mdomo wa EF na wa RF, Nikon ina F na Z, Sony ina E, na lenzi ya mdomo mmoja haifungiki kwenye kamera ya mdomo mwingine bila adapta, hata zikiwa za kampuni moja. Wenye Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 wawe macho: kamera hizo hazina mota ndani ya mwili, na baadhi ya lenzi za zamani za makro hazina mota pia, kwa hiyo zitafunga vizuri lakini hazitalenga zenyewe. Kwa picha za karibu hilo linavumilika. Kwa nyuso za harusini litakuchosha.

Kisha washa tochi ya simu, iangazie kutoka nyuma ya lenzi na uchungulie mbele kwa pembe. Huku pwani unatafuta kuvu kabla ya kitu kingine chochote. Inaonekana kama nyuzi nyembamba za buibui au madoa yenye matawi ndani ya kioo. Vumbi kidogo halina neno, kila lenzi inalo. Lenzi yenye kuvu iache pale ulipoikuta, hata bei ikishuka nusu. Zungusha pete ya kulengea toka mwanzo hadi mwisho, usikilize kama inakwaruza. Hiyo ni dalili ya mchanga, na mchanga wa Diani ni laini kiasi cha kupenya popote. Funga tundu la kuingizia mwanga hadi f/16, piga picha ya mbingu au ukuta mweupe, utazame kama kona zina giza. Mwisho, kama lenzi ina kituliza mtikisiko, kiwashe na ukisikilize: mvumo mdogo ni kawaida, kugonga si kawaida. Kutaneni mahali penye watu, na M-Pesa itumwe baada ya ukaguzi. Anayekuhimiza utume amana kwanza ili akuletee lenzi kwa basi, mwache aende zake.

Umeifikisha nyumbani. Usianze na nyuki. Anza na kitu kisichotembea na kisichopeperuka: kofia ya kazi ya mkono. Kila nyumba ya huku inayo, na vitobo na nyuzi zake ni mtihani mgumu kuliko karatasi yoyote ya dukani. Iweke mezani karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni. Hapo utakutana na jambo ambalo huwashtua wote wanaoanza: ukikaribia mpaka mwisho, uzi mmoja unakuwa mkali na uzi wa jirani yake umepotea.

Hilo si kasoro ya lenzi yako. Kila picha ina unene fulani wa sehemu iliyo kali, na unene huo hupungua kadiri unavyokaribia. Unaurekebisha kwa tundu la lenzi, yaani mlango wa kuingizia mwanga, ambao huandikwa f na namba. Namba ndogo ni mlango mpana, namba kubwa ni mlango mwembamba. Kwenye ukubwa halisi, kwa kamera yenye kipokezi kikubwa, f/2.8 inakupa unene wa karibu theluthi moja ya milimita. Ndiyo, theluthi ya milimita moja. Ukifunga hadi f/8 unapata milimita moja hivi, na f/16 karibu milimita mbili. Kwa nini basi usifunge mpaka f/32 umalize? Kwa sababu mlango ukiwa mwembamba mno mwanga hujipinda kwenye kingo zake, na picha yote inakuwa laini. Kwa picha za karibu mimi hukaa kati ya f/8 na f/13, na sivuki f/16 ila nikiwa sina namna.

Ukaribu unakula mwanga pia. Lenzi ya f/2.8 ikifika ukubwa halisi, nguvu zake za mwanga ni kama f/5.6, yaani umebaki na robo. Ongeza hapo kwamba umefunga hadi f/11, na kwamba mkono ukitikisika kidogo picha nzima inaruka. Utahitaji kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde au zaidi ukishika kwa mkono, na mwanga wa kutosha kasi hiyo. Kituliza mtikisiko husaidia, lakini kidogo kuliko unavyodhani: Canon yenyewe inasema kituliza cha lenzi yake ya EF milimita 100 ya mwaka 2009 hutoa nafuu ya hatua nne (kila hatua ni mwanga mara mbili) kwa umbali wa kawaida, na hatua mbili tu kwenye ukubwa halisi.

Mwanga utatoka wapi? Dirishani, kwenye ISO iliyopandishwa hadi 800 au 1600, au kwenye fleshi. Ukitumia fleshi usiilenge moja kwa moja. Iwekee karatasi nyeupe mbele, au iangazie manila nyeupe iliyosimamishwa ubavuni; manila hupatikana duka lolote la vitabu kwa shilingi chache. Kasi ya shata iweke 1/160 au 1/200, kwa sababu kamera nyingi zikipita hapo fleshi haimuliki picha yote.

Na kulenga? Zima ulengaji wa kujiendesha ukiwa karibu sana. Utaisikia lenzi ikienda mbele na nyuma bila kutulia, ikitafuta. Weka ukubwa unaoutaka kwa pete, kisha egemeza viwiko juu ya meza au magoti, yumbayumba taratibu na mwili wako mwenyewe, na ubonyeze pale uzi unapowaka. Piga nyingi. Lenzi nyingi za makro zina swichi ndogo ubavuni yenye maandishi kama FULL na 0.5m. Swichi hiyo huizuia lenzi kutafuta karibu unapopiga nyuso, au kutafuta mbali unapopiga karibu. Watu huimiliki miaka bila kuigusa, nayo ndiyo inayofanya lenzi iwe ya haraka au ya polepole.

Ukishaielewa kofia, nenda kwenye hina. Hapa ndipo pesa ilipo, na hapa nitakaa kidogo.

Hina mbichi na hina iliyokauka ni picha mbili tofauti. Ikiwa mbichi inameta na imeinuka juu ya ngozi. Mwanga wa ubavuni unaonyesha uinuko wake na kazi ya mikono ya mchoraji. Ikishabanduliwa inabaki rangi tu, nyekundu na piko nyeusi, na hapo mwanga laini wa mbele unafaa zaidi kwa sababu ngozi yenyewe ina mistari yake ambayo mwanga wa ubavuni utaizidisha. Kwa hiyo omba kufika mapema, siku ya kupaka, usisubiri siku ya harusi. Kama wewe ni mwanamume, katika nyumba nyingi huku hutaingia chumba cha bi harusi siku hiyo, na si jambo la kulilazimisha. Mtafute dada mpiga picha mfanye kazi pamoja na mgawane malipo. Kazi hii inawahitaji kina dada wenye kamera, na nafasi yao ni kubwa kuliko inavyosemwa.

Usikimbilie ukubwa halisi kwenye kiganja. Kiganja kizima kinahitaji kama moja kwa tano tu, na f/5.6 hapo inatosha. Kilaze kiwe sambamba na uso wa kamera: vidole na kiganja vikiwa umbali mmoja, vyote vitakuwa vikali. Kikiinama hata kidogo, ncha za vidole zitapotea. Weka chini leso yenye rangi moja au mkeka, maana leso yenye maua itagombana na maua ya hina. Ukubwa halisi uuache kwa kitu kimoja: jiwe la pete, kichwa cha ua lililochorwa, au kikuba. Asumini na rehani zilizofungwa pamoja hunyauka upesi, kwa hiyo kikuba kipigwe kwanza kabla ya kuvaliwa, na tone moja la maji kwa ncha ya kidole hukirudishia uhai.

Na nyuso? Tamron ilipotoa lenzi yake ya kwanza ya milimita 90 mwaka 1979, wapiga picha waliipenda kwa nyuso kama walivyoipenda kwa maua, na sifa hiyo haijaisha. Siri yote ni kurudi nyuma. Ukisimama mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwa mtu, pua haivimbi, masikio hayakimbii nyuma, na unene wa sehemu kali unarudi kuwa wa sentimita badala ya milimita. Kwa f/2.8 au f/4 macho yote mawili yatakuwa makali akikutazama moja kwa moja. Akigeuka upande, lenga jicho lililo karibu nawe.

Ila fahamu kwamba lenzi hii haifichi kitu. Kila tundu la ngozi, kila mkunjo, kila unywele unaonekana. Kwa mzee aliyekaa barazani hiyo ni neema, mradi mwanga uwe wa kivulini. Kwa bi harusi aliyepakwa poda inaweza kuwa balaa. Usilaumu lenzi wala usikimbilie programu za kusugua ngozi mpaka iwe plastiki. Laini mwanga. Mweke karibu na mlango ulio wazi lakini nje ya jua lenyewe, na umwekee upande wa pili manila nyeupe au ukuta uliopakwa chokaa urudishe mwanga. Epuka kumweka moja kwa moja chini ya mwembe wenye majani mazito. Mwanga unaopita kwenye majani hutia ukijani kwenye uso, na weusi wa ngozi unakuwa kama wa mgonjwa.

Kamera nayo hudanganyika kwa mavazi. Yenyewe inadhani dunia yote ni kijivu. Buibui jeusi likijaa kwenye picha, kamera huongeza mwanga ili kulifanya kijivu, na uso wa mwenyewe unachujuka. Punguza kwa kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, kati ya theluthi mbili na hatua moja nzima. Kanzu nyeupe ikijaa, ni kinyume chake: kamera hupunguza, uso unakuwa giza, nawe unaongeza kwa kiasi hichohicho. Usipofanya hivyo utakaa usiku kucha kwenye kompyuta ukirekebisha picha moja moja.

Saa gani inafaa? Jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, na mpaka saa mbili asubuhi mwanga bado ni laini. Jioni, kuanzia saa kumi na moja. Kati ya saa tano na saa tisa mchana ingia kivulini au ndani. Kwa maua na wadudu asubuhi ndiyo bora, si kwa mwanga tu bali kwa upepo: kusi ikianza kuvuma baadaye mchana, jani moja linacheza sentimita nzima, nawe una milimita moja tu ya ukali. Miezi ya mvua, ya masika na ya vuli, huleta vyura, vipepeo na konokono kwa wingi mpaka nyuma ya jikoni. Majani ya mwembe yaliyoshonwa pamoja ni viota vya chungu waitwao majimoto; ni wazuri sana kwenye picha, na wanauma sana, kwa hiyo usisimame chini ya tawi lao. Kabla hujapiga goti kichakani angalia chini na angalia juu. Kifutu hulala chini bila kukimbia, na nyoka wa kijani wa pwani hupenda miembe na minazi.

Ukitaka kwenda mbali kidogo na nyumbani, Shimba Hills iko juu tu: panda matatu ya Kwale pale njia panda ya Kombani. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kupitia eCitizen, wala si pesa taslimu getini. Angalia bei yako kwenye tovuti kabla hujaondoka, kwa sababu raia, mkazi na mgeni hulipa tofauti. Huko kuna chura mdogo wa matete asiyepatikana mahali pengine popote duniani ila milima hiyo, na yuko hatarini kutoweka. Ukimkuta, mpige alipo. Usimshike, usimhamishe kwenye jani zuri zaidi, na wala usimpoze barafuni ili atulie, kama wafanyavyo wengine kwa wadudu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kuchukua viumbe hifadhini bila kibali. Kusini zaidi, njia ya mbao ya kina mama wa Gazi inakupitisha juu ya mikoko ambapo kaa wadogo wenye gando moja kubwa hutoka maji yakipwa. Hao hukimbia ukisogea, kwa hiyo keti, tulia, na uwasubiri watoke tena.

Kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, ni jambo jingine. Kaya Kinondo, iliyo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, hupokea wageni, lakini wanaoingia huongozwa na mwenyeji na hufungwa kaniki nyeusi. Uliza kwanza ni wapi kamera inaruhusiwa, na uondoke bila kubeba hata jani. Kaya nyingine, kama Kaya Waa, usiingie bila idhini ya wazee wake.

Idhini inahitajika kwa watu pia, tena kwa lenzi inayoonyesha mpaka tundu la ngozi. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inahesabu picha ya mtu kuwa taarifa yake binafsi. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa. Harusini, mwenye shughuli akikulipa hajakupa haki ya kuzitangaza nyuso za wageni wake kwenye ukurasa wako. Muulize bi harusi ni picha zipi za mikono zinaweza kuonekana na zipi zibaki za nyumbani, na mwandikiane hata kwa ujumbe wa simu. Kwa mzee, msalimie, keti, mweleze picha ni ya nini, na umwonyeshe ukishapiga. Akikataa, shukuru na uondoke kwa adabu. Na ukimwahidi nakala iliyochapishwa, mpelekee.

Mwisho ni utunzaji, ambao hapa pwani ni nusu ya thamani ya lenzi. Unyevu wa Kombani hauna likizo, na kuvu hupenda giza, joto na mkoba uliofungwa. Usiihifadhi lenzi kwenye mkoba wa kitambaa kabatini. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, tia vipakiti vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja kwenye viatu na mikoba mipya, au vya kununua vinavyobadili rangi vikishiba; hivyo hukaushwa kwa moto mdogo na kutumika tena. Mchele usiutie, unatoa vumbi. Ukitoka ufuoni, futa mwili wa lenzi kwa kitambaa chenye unyevu wa maji matamu, kisha kikavu, ili chumvi isikae. Kioo chenyewe kipulizie kwanza kwa mpira wa hewa, maana ukifuta na mchanga ukiwa juu utakuwa umekikwaruza. Na usiiache bila kazi miezi mitatu: hata kama huna harusi, itoe nje asubuhi yenye jua, upige chochote kilicho karibu, kisha uirudishe koponi ikiwa kavu.